Jeraniamu na Kalenda ya Mvua

Ukitaka kujua jeraniamu za nyumba fulani zinatunzwaje, zitazame mwishoni mwa Mei, masika inapoaga. Zilizoachwa uani chini ya anga wazi utazikuta majani ya chini yameingia umanjano, vichwa vya maua vimelowa na kugandamana, na shina karibu na udongo limeanza kuwa jeusi na laini. Zilizokaa chini ya upenu, hatua mbili tatu kutoka hapo, zinaendelea kuchanua. Udongo ni ule ule, mbolea ile ile, mtunzaji yule yule. Kilichozitenganisha ni maji ya mvua.

Naanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma kuhusu ua hili umeandikwa na watu wa nchi za theluji. Kwao adui ni baridi inayogandisha maji ndani ya shina. Mwaka wao wa jeraniamu umepangwa kumkwepa adui huyo: vyungu hutolewa nje mwezi wa Mei baridi ikishapita, huingizwa ndani kabla ya theluji, na miezi ya katikati mmea hulazwa karibu na dirisha ukipewa maji kidogo. Ni ushauri mzuri kwa London. Mtu wa Moshi au Nyeri akiufuata neno kwa neno atatoa vyungu vyake nje wakati ule ule ambao mvua haijakoma. Sisi hatuna theluji ya kukimbia. Tuna masika na vuli, na humo ndimo jeraniamu zetu zinamofia. Basi kalenda yetu ya kazi lazima ifuate mvua, na mambo mengine yote, kuanzia mahali pa kuweka chungu hadi siku ya kukata vipandikizi, yatajipanga nyuma yake.

Mmea wenyewe unatueleza sababu. Asili yake ni kusini mwa Afrika, hasa sehemu za Cape, ambako ndugu zake wengi huota kwenye miteremko ya mawe na vichaka vikavu. Ushike shina lake: ni nene, limejaa maji, ghala la kungojea ukame. Papasa jani: lina vinyweleo laini vinavyopunguza upotevu wa maji. Mmea wa namna hii umejifunza kukaa na kiu kwa siku kadhaa bila kulalamika. Haukujifunza kukaa miezi mitatu mizizi ikiwa ndani ya tope. Mizizi nayo huvuta hewa. Nafasi zote za udongo zikijaa maji, hukosa hewa, hulegea, na vimelea vya kuoza vinavyopenda majimaji hupata mlango.

Kabla ya kununua, jua unanunua nini. Wataalamu wa mimea huita maua haya Pelargonium, baada ya Mfaransa L'Héritier kuyatenga na kundi la Geranium mwaka 1789. Wauzaji hawakumfuata, nasi pia tumebaki na jina la zamani. Kwa mtunzaji jambo hilo lina faida moja tu: ukiona pakiti ya mbegu imeandikwa Geranium pamoja na jina la pili la kisayansi usilolijua, huenda ndani mna mmea mwingine kabisa, wa bustani za nchi za baridi. Tafuta Pelargonium.

Ndani ya kundi hilo utakutana na aina nne. Ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ina majani ya mviringo yenye utepe mweusi kama pete katikati, na maua yaliyokusanyika juu ya kikonyo kirefu, mekundu, ya waridi, meupe au rangi ya chungwa. Ndiyo ninayomshauri kila anayeanza, na kama ni juu yangu kuchagua, achukue ile nyekundu ya zamani, maana ni ngumu kufa. Ya pili inatambaa au kuning'inia. Majani yake yanang'aa na ni manene, inafaa sana roshani na vikapu. Ya tatu ina maua makubwa yenye madoa meusi, mazuri kupita yote, lakini ina sharti: bila usiku wa baridi, nyuzi 15 hivi au chini yake kwa wiki kadhaa, haifanyi matumba. Lushoto au Limuru itakupa furaha. Tanga mjini itakupa majani. Ya nne hupandwa kwa harufu ya majani yake, si kwa maua, nami nitairudia mwishoni.

Mtu wa pwani nimwambie ukweli bila kuzunguka. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja si makao ya ua hili. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la usiku halishuki vya kutosha, matumba hukauka kabla ya kufunguka, na unyevu wa hewa huleta ukungu. Anayeipenda kweli aichukulie kuwa ua la kipupwe: apate miche michanga mwezi wa Mei, aiweke mahali penye jua la asubuhi na upepo wa baharini, aifurahie Juni hadi Septemba, kisha asihuzunike ikichoka. Kwa ua la mwaka mzima, pwani ina asumini na bogenvilia, ambazo zinalipenda lile joto linaloichosha jeraniamu.

Nyanda za juu ni hadithi nyingine. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi iliyo juu zaidi, Lushoto, Iringa, Mbeya, Kigali, Bukavu: huko mchana una jua na usiku una ubaridi, na jeraniamu inaweza kuchanua karibu miezi yote. Tofauti ni sehemu za juu sana kama Makete, Njombe na Kinangop, ambako sakitu huanguka katika usiku mkavu usio na mawingu. Huko, jioni anga ikiwa safi na upepo umetulia, sogeza vyungu barazani au vifunike kwa gunia jepesi mpaka asubuhi.

Sasa mahali pa kuweka chungu. Jeraniamu inataka jua la moja kwa moja, saa tano au sita kwa siku, na inataka kukauka. Upenu wa nyumba unatoa vyote viwili, ndiyo maana naupendelea kuliko bustani ya wazi. Simama uani mvua ikinyesha, uangalie mstari ambapo matone ya bati yanaangukia. Weka vyungu ndani ya mstari huo, si juu yake, maana matone ya bati huchimba udongo na kurusha tope kwenye majani, na tope ndilo hubeba magonjwa. Ukuta unaotazama mashariki ndio bora, kwa sababu unapata jua la asubuhi mwaka mzima, majani yanakauka umande mapema, na jua kali la saa nane haliufikii. Kuta za kaskazini na kusini zinabadilishana: karibu na ikweta jua hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini kuelekea Desemba. Ua lililokuwa likichanua vizuri mwezi wa Juni linaweza kujikuta kivulini mwezi wa Desemba bila mtu kuligusa. Likianza kurefuka, shina jembamba, majani yakiwa mbalimbali, linatafuta jua. Lihamishe.

Usipokuwa na upenu wa kutosha, karatasi ya nailoni angavu juu ya fito nne inatosha, mradi pande zote ziwe wazi ili upepo upite. Na aliyepanda ardhini ainue tuta sentimita 20 au 30, achanganye kokoto ndogo chini yake, na akubali kwamba baadhi ya miche itaondoka na masika. Mimi ningebaki na vyungu.

Kuhusu chungu, udongo uliofinyangwa na kuchomwa unashinda plastiki katika mahali penye mvua, kwa sababu unapumua na kukausha pembeni. Kwenye sehemu kavu na yenye upepo, kama Dodoma, plastiki ina faida yake, maana chungu cha udongo hukauka haraka mno. Kopo la rangi lililooshwa sawasawa, ndoo iliyopasuka, sufuria lililotoboka: vyote vinafaa vikiwa na matundu. Tundu moja dogo katikati halitoshi. Pasha msumari moto, toboa manne au matano, na inua chombo juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke kweli. Usiupe mmea chungu kikubwa kuliko haja yake. Mche mmoja unatosheka na chungu cha upana wa sentimita 15 hadi 20. Katika chungu kikubwa, udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji siku nyingi, halafu mmea hutoa majani mengi na maua machache.

Udongo wa ndani ya chungu ndio unaoamua kama makosa yako ya kumwagilia yatasamehewa. Chukua sehemu mbili za udongo tifutifu wa juu, sehemu moja ya mboji iliyoiva hadi haina harufu, na sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Anayeishi karibu na volkano ana bahati: changarawe nyepesi zenye matundu, zinazopatikana kwa wingi maeneo ya Naivasha na Goma, zinafanya kazi ya mchanga vizuri kuliko mchanga wenyewe. Pumba za mpunga nazo zinafaa. Kama udongo wenu ni ule mwekundu wa milimani, wenye tindikali, ongeza kiganja cha majivu ya kuni kwa debe moja la mchanganyiko, usizidishe. Tindikali ikizidi, jeraniamu yenye pete hufyonza madini ya chuma na manganizi kuliko inavyohitaji, kisha kingo za majani huungua na kuwa na vidoa vya kahawia, na wengi hudhani ni ugonjwa.

Na usichukue udongo wa bustani iliyopandwa nyanya, viazi mviringo au biringanya. Jambo hili halitajwi sana, nami naliona zito. Bakteria wa mnyauko, yule anayewaangushia wakulima nyanya zikiwa bado kijani, anaweza kuishi ndani ya jeraniamu pia. Mashamba ya Kenya na Ethiopia hukata mamilioni ya vipandikizi vya maua kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na mwaka 2003 bakteria huyu alipatikana Marekani katika jeraniamu zilizotokana na vipandikizi vya Kenya. Mimea mingi iliteketezwa, kwa sababu Wamarekani walikuwa wakihofia viazi vyao. Hofu hiyo hiyo inatuhusu sisi tunaopanda ua na mboga katika uwanja mmoja. Mmea ukinyauka mchana kweupe ilhali udongo una unyevu, na kesho yake ukaendelea kunyauka huku majani yakianza umanjano kutoka ukingoni kuingia ndani kwa umbo la kabari, usiupe dawa wala usiuchukulie kipandikizi. Hauna tiba. Uchome pamoja na udongo wake, osha chungu kwa sabuni, kiache juani siku kadhaa, na usitupe mabaki kwenye shimo la mboji.

Tuje kwenye kumwagilia. Usimwagilie kwa saa wala kwa siku za wiki. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Udongo ukishika kidole kwa unyevu, ondoka. Njia nyingine, ambayo ukishaizoea utaipenda zaidi, ni kuinua chungu. Kikiwa chepesi kuliko ulivyotegemea, ni siku yake. Ukiamua kumwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uache mpaka juu pakauke tena. Vikombe vidogo vya kila siku vinalowesha juu na kuacha mizizi ya chini ikiwa kavu, au vinaweka chungu katika unyevu usiokoma. Vyote viwili ni vibaya. Mwaga kwenye udongo, asubuhi, bila kulowesha majani. Mpira wa maji unaonyunyiza kutoka juu jioni unaandaa kitanda cha ukungu.

Kisahani cha chini kimwagwe kila mara, si kwa ajili ya mizizi peke yake. Mbu anayeeneza dengi hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na kisahani cha chungu kinamtosha. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Hakuna ua linalostahili kumkaribisha mbu huyo barazani. Nyumba yenye watoto ningeiambia iondoe visahani kabisa na kuweka vyungu juu ya changarawe.

Jani likigeuka manjano, watu wengi hukimbilia kopo la maji. Tulia kwanza. Likiwa kavu, linavunjika, na udongo umejitenga na ukingo wa chungu, hiyo ni kiu. Likiwa laini, na udongo una harufu ya uvundo, maji yamezidi: sogeza chungu juani, kizibue matundu, na usimwagilie mpaka kiwe chepesi mkononi. Jeraniamu inayotambaa ina ishara yake ya pekee: vivimbe vidogo kama vipele chini ya jani, ambavyo baadaye hukauka na kuwa kama gamba. Hakuna mdudu wala ukungu hapo. Mizizi imevuta maji mengi siku za mawingu na baridi, majani hayakuweza kuyatoa, chembe zikapasuka. Punguza maji, ongeza upepo.

Sasa nifike kwenye kazi ninayoiona ndiyo moyo wa kutunza jeraniamu hapa kwetu, na ambayo wengi hawaifanyi: kuupa mmea uhai mpya kila mwaka. Katika nchi za theluji baridi huulazimisha mmea kupumzika. Kwetu haupumziki. Unakua, unarefuka, shina linakuwa gumu kama ukuni na kuwa tupu chini, maua yanabaki juu kabisa machache na madogo. Watu huvumilia mmea wa miaka minne wa namna hiyo kwa mapenzi tu, kumbe mapenzi yangeelekezwa kwenye kisu. Mmea wa zamani ni mama wa miche. Baada ya miaka miwili mitatu, kazi yake iwe hiyo.

Wakati wa kukata ni baada ya mvua kubwa, anga ikishafunguka. Arusha, Moshi na Nairobi hiyo ni Juni. Mbeya, Iringa na Njombe, wenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba na kuisha Aprili, waanze Mei kabla baridi haijakaza. Limuru na milima mingine ambako Julai hujaa ukungu na manyunyu, heri kungoja hadi mwisho wa Agosti. Kukata katikati ya mvua ni kufungua vidonda katika hewa iliyojaa vimelea.

Chukua kisu kikali au wembe, ukifute kwa spiriti, na ukifute tena kila unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Chagua chipukizi zenye afya, zisizo na maua, zisizo laini mno wala ngumu kama ukuni. Urefu wa sentimita 8 hadi 10 unatosha. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoungana na shina, kwa kuwa mizizi hutoka hapo kwa urahisi zaidi. Ondoa majani ya chini, acha mawili au matatu juu, na nyofoa vile vijani vidogo vikavu vilivyo kwenye vifundo, maana ndivyo vinavyoanza kuoza. Tumba lolote, hata likiwa dogo kama punje, litoe. Kipandikizi hakiwezi kulea ua na mizizi kwa wakati mmoja.

Hatua inayofuata inawashangaza waliozoea miche mingine. Usipande mara moja. Laza vipandikizi kivulini kwa saa kadhaa, hata usiku mzima, mpaka kidonda kikauke na kujifunga. Kisha vichomeke katika mchanga wa mto ulioloweshwa na kuchujika, sentimita tatu kwenda chini, kimoja kimoja au vitano kuzunguka ukingo wa chungu. Maji kidogo tu. Usivifunike na mfuko wa plastiki. Mimea mingine hupenda hewa ya mvuke. Jeraniamu ikifunikwa hushikwa na ule uozo mweusi unaopanda kutoka chini ya shina, na kipandikizi kilichoshikwa hakiponi. Viweke penye mwanga mwingi bila jua la mchana. Jani moja mawili yatageuka manjano, ni kawaida. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona jani jipya katikati. Livute shina taratibu, likikataa kutoka, limeshika mizizi. Hamishia kwenye udongo wa chungu, na likifikisha majani sita au saba kata ncha ya juu ili lifanye matawi. Mche wa Juni utakuwa umechanua kabla ya mwaka kwisha, na utaingia masika yajayo ukiwa na nguvu.

Mama yake naye apogolewe siku hizo hizo. Kata matawi hadi theluthi ya urefu wake, juu kidogo ya kifundo, ila usimwache bila jani hata moja. Ni salama zaidi kukata nusu ya matawi leo na nusu nyingine baada ya wiki tatu, zile za kwanza zikishachipua. Na punguza maji: mmea wenye majani machache hunywa kidogo, na chungu kilichopewa kiasi cha zamani kitaoza mizizi. Kosa hilo linaua mimea mingi iliyopogolewa vizuri, na mtu hudhani kisu ndicho kilichoua.

Kwa sababu kipandikizi huwa sawa na mama yake kwa kila kitu, chanzo bora cha jeraniamu ni jirani, kabla ya kitalu. Tafuta nyumba ya mtaani kwako yenye mmea uliovuka masika mbili na bado unachanua. Mmea huo umeshathibitisha kwamba unaiweza hali ya hewa yenu. Omba tawi, ni nadra mtu kunyima. Lakini kabla ya kushukuru, geuza majani utazame chini yake. Ukiona vidoa vya unga wa kahawia vilivyojipanga kwa duara, hiyo ni kutu, na inasafiri na kipandikizi hadi nyumbani kwako. Mche wa kitalu nao ukaguliwe hivyo hivyo, na kwa kuwa umelelewa kwenye kiriba chini ya nailoni, uzoeshe jua lako hatua kwa hatua kwa wiki nzima.

Kutu ikishaingia, nyofoa majani yenye vidoa, yachome, tenganisha vyungu ili hewa ipite katikati, na hakikisha majani hayalowi. Mara nyingi hiyo inatosha. Vivyo hivyo maua yaliyochakaa: yasiachwe kuoza juu ya mmea, maana ukungu wa kijivu huanzia hapo na kushuka kwenye majani. Usichume petali tu. Shika kikonyo chini kabisa kinapoungana na shina, kikunje, kitavunjika chenyewe. Kazi hii ya dakika chache kila baada ya siku mbili tatu ndiyo inayoufanya mmea uendelee kutoa matumba badala ya kujishughulisha na mbegu.

Wadudu si wengi. Inzi weupe na vidukari huondoka kwa maji ya sabuni yaliyopuliziwa chini ya majani jioni, mara mbili tatu kwa wiki. Viwavi waokote kwa mkono. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia pia, lakini usipulizie juani.

Mbolea iwe kidogo na ya kawaida. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17, kilichoroweshwa usiku kucha katika lita tano za maji, kinatosha kwa vyungu vingi, mara moja kila wiki mbili, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Urea na CAN ziache shambani kwenye mahindi. Zitakupa majani mapana ya kijani yasiyo na ua. Siku za mvua mfululizo, usitie chochote.

Mwenye paka au mbwa anayetafuna mimea aweke vyungu juu, kwani majani haya huwatapisha. Wapo watu pia ambao ngozi huwawasha wakiyashika, wavae glavu.

Nimeahidi kurudi kwenye jeraniamu za harufu. Ipo moja yenye harufu ya limau inayouzwa kwa ahadi kwamba ikikaa dirishani mbu hawaingii. Ipande kwa sababu ni nzuri, lakini usiitegemee. Majaribio yameonyesha kwamba mmea mzima uliotulia chunguni hauwazuii mbu kutua. Harufu hutoka kwa nguvu pale tu jani linaposuguliwa. Katika nchi zenye malaria, ahadi hiyo ni ya hatari. Chandarua kibaki pale pale kilipo.

Ninayoipendekeza kwa kila nyumba ni ile yenye harufu ya waridi, ambayo mafuta yake hutolewa kwa mvuke kwa ajili ya manukato Réunion, Misri, na hata Rwanda. Maua yake ni madogo, huenda usiyaone. Jani lake lina vidole vilivyochanika, na ukilipitishia mkono tu chumba kizima hubadilika. Ipande karibu na mlango au njia, mahali ambapo nguo zitaigusa watu wakipita. Isiyopuliziwa dawa yoyote inaingia jikoni pia: jani moja ndani ya birika la chai ya rangi, dakika tatu, kisha litolewe. Au panga majani ndani ya chupa ya sukari, safu ya sukari na safu ya majani, funga, na baada ya wiki mbili chekecha. Sukari hiyo inapendeza kwenye maandazi na kwenye uji wa wagonjwa. Yaoshe majani na kuyakausha kabisa kwa kitambaa kabla ya kuyatia chupani, la sivyo sukari itashikana na majani yataota ukungu.